Usiucheke Mkweche Wetu!

Hebu tuseme ukweli, mpenzi msomaji. Ukikaa na vijana wawili waliooana karibuni, hazipiti dakika kumi kabla mazungumzo hayajafika kwenye gari. Nani kanunua nini, nani kakopa wapi, IST ya fulani ina rimu kali kuliko ya nani. Wenye nazo wanaagiza Japani wakiwa wamekaa kitandani na simu mkononi. Wasio nazo wanabaki na daladala na ndoto.

Lakini kuna njia ya katikati ambayo wengi wetu tunaionea aibu: kununua gari kuukuu, bovu, la bei ya kutupa, kisha kulifufua taratibu mpaka liwe lenu kweli. Mimi na mume wangu tuliifuata njia hiyo kisiwani Pemba. Leo nakupa yote bila kuficha: hesabu, mafundi, ugomvi na utamu wake.

BATI AU GARI?

Ndoa yetu ni ya visiwa na bara. Mimi kazi yangu ya uhariri iko Dar es Salaam, mwenzangu ni mwalimu wa sekondari Wete. Mama mkwe anaishi Konde, na kila mwezi ana siku za kliniki ya sukari Chake Chake. Kwa mtu mzima ambaye miguu imeanza kumsumbua, kupanda na kushuka gari za abiria, na pengine kusubiri kituoni kwenye jua la saa saba, si mchezo. Kukodi teksi kila mara nako kunakausha mfuko wa mwalimu.

Tulikuwa na milioni 7 tulizozidunduliza kwa miaka minne. Pesa hizo zilikuwa na jina tayari: bati za nyumba. Kuta zilikuwa zimeshasimama, zinanyeshewa masika baada ya masika, na Pemba mvua yake unaijua. Kwa hiyo mume wangu aliponipigia simu na kuniambia kuna Suzuki Escudo inauzwa karibu na Wawi kwa milioni 2 na laki 8, nilijibu kwa ukali kidogo.

"Gari litaizuia mvua?"

Naye akajibu, "Na bati litampeleka mama hospitali?"

Siku tatu hatukuongea zaidi ya salamu. Siku ya nne tuliandikiana makubaliano, kila mmoja na kalamu yake, na ninaamini karatasi ile ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa na mambo manne tu. Kwanza, ukomo ni milioni 7, kununua na kutengeneza vyote humo. Pili, hakuna kukopa. Tatu, matumizi yoyote yanayozidi laki moja lazima wote wawili tukubali. Nne, fedha zikifika ukomo na gari halijatembea, linauzwa kama lilivyo na kinachopatikana kinakwenda kwenye bati. Tukatia saini, tukacheka, tukaanza.

IMELALA, HAIJAFA

Escudo ilitoka kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1988, na nchi nyingine wanaijua kwa jina la Vitara. Umeziona nyingi Unguja, ndizo watalii wanazokodi kwenda Nungwi na Paje. Ya kwetu ni ya mwaka 1996, milango mitano, injini ya lita 1.6. Siri ya gari hizi ni chesisi: bodi imekaa juu ya fremu ya chuma kama lori dogo, na ukivuta gia ya pili pembeni matairi yote manne yanafanya kazi. Kwa vilima na udongo wa Pemba, hiyo ni neema.

Gari lenyewe lilikuwa limekaa miaka mitatu chini ya mwembe, juu ya matofali, na kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma. Mwenyewe alikuwa na haraka ya kuliuza, kizuri chajiuza kibaya chajitembeza. Tukamchukua fundi wetu, mzee mmoja wa Chake Chake ambaye mikono yake inanuka grisi hata siku ya Idi. Alizunguka gari mara mbili bila kusema neno. Akalala chini, akagonga chesisi kwa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma, akisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Kisha akachomoa plagi, akatia mafuta kidogo ndani ya kila silinda, akaizungusha injini kwa spana. Ikazunguka.

"Bibie," akaniambia, "hii imelala, haijafa. Iliyokufa naijua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini unalipa fundi kabla hujamlipa muuzaji. Kama injini ingekuwa imekamata, au chesisi imeoza kwenye maungio yake, tungeondoka na milioni zetu salama.

PEMBA HAKUTUPWI KITU

Wabara huwa wananiuliza, mnawezaje kufufua gari la zamani hivyo? Jibu langu ni kwamba watu wa kisiwa wamezoea. Chombo cha baharini hakitupwi kwa sababu ubao mmoja umeoza. Kinapandishwa pwani, ubao unatolewa, mwingine unatiwa, kalafati inapigwa, chini kinapakwa deheni ya shahamu na chokaa, juu kinapakwa sifa ya papa, kinarudi majini. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari kwa fundi wa Pemba ni chombo cha nchi kavu, basi.

Dunia nayo ina mifano yake. Cuba mpaka leo kuna magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yanayobeba abiria, kwa sababu baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vilivyofuata, mapya yaliacha kuja na watu wakajifunza kuyatunza yaliyopo. Na sisi wenyewe Afrika Mashariki tuna historia ya kutambia. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mbio za Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo baba zetu walilipanda wakienda harusini. Pijo zile zilidumu miaka chungu nzima kwa spana na subira tu.

Kilichobadilika ni nyenzo. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa gridi kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Sasa fundi wa kuchomelea na fundi wa kupuliza rangi wanaweza kupanga kazi ya wiki nzima. Na kitu kisichopatikana kisiwani kinaletwa na meli. Spea zetu nyingi nilizinunua mwenyewe Gerezani, Kariakoo, nikazifunga kwenye boksi, nikaja nazo mkononi.

ADUI NAMBA MOJA: KUTU

Kama unaishi pwani, sahau kwanza habari ya rangi inayong'aa. Adui yako ni kutu. Chuma kinahitaji maji na hewa ili kishike kutu, na chumvi inaiongezea kasi. Pemba imejaa mikono ya bahari, ukitoka kijiji chochote hutembei mbali kabla hujanusa mikoko. Chumvi hiyo inakaa chini ya gari, ndani ya milango, na chini ya makapeti.

Ujanja wa wauzaji wengi ni kupaka puti juu ya kutu, kisha rangi juu ya puti. Kwa miezi michache gari linapendeza, halafu rangi inaanza kuvimba kama andazi. Puti haikomeshi kutu, inaificha tu. Njia ya kweli ni ndefu: unakwangua mpaka chuma cheupe, kilichooza unakikata na kuchomelea bati jipya, unapaka rangi ya chini ya kuzuia kutu, ndipo puti nyembamba, msasa, na rangi ya mwisho. Chini ya gari unapaka dawa nzito ya kuzibia. Sisi tulikata sakafu upande wa dereva na kingo zote mbili chini ya milango. Laki 8 na nusu zikaenda hapo, na ndizo nilizozitoa kwa roho safi kuliko zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari ndiyo hivyo hivyo.

Baada ya hapo kazi ni ndogo: kila ukitembea kwenye tope au barabara ya pwani, oshea chini kwa maji baridi ya bomba. Dakika kumi tu.

ANZA NA KINACHOOKOA ROHO

Hapa ndipo wanandoa wengi wanapogombana. Mmoja anataka muziki na rimu, mwingine anataka gari litembee. Kanuni ya fundi wetu ilikuwa rahisi: lisimame kwanza, kisha litembee, kisha lipendeze.

Kusimama ni breki na matairi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo gari lililokaa miaka mitatu lazima yamwagwe yote na kutiwa mapya. Matairi yalikuwa na meno mazuri tu, lakini tuliyatupa. Kwa nini? Angalia ubavuni mwa tairi, utaona namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta 2319, tairi hilo limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ya kwetu yalikuwa na umri wa kuingia darasa la sita! Mpira ukizeeka unapasuka hata kama meno yapo.

Kutembea ni injini. Tulimwaga petroli yote ya zamani kwa sababu ikikaa muda mrefu huharibika na kuacha utomvu unaoziba njia. Tukabadilisha filta zote, oili, plagi, na mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji. Mkanda huo kwa injini yetu ni wa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na kwa gari lisilo na historia usibahatishe, badilisha tu. Rejeta ilizibuliwa, tukatia maji maalumu ya kupoozea badala ya ya bomba, maana ya bomba yanaleta kutu kwa ndani. Na themostati tuliirudisha. Utasikia mafundi wakisema ing'oe, huku kwetu joto. Mzee wetu hataki kusikia. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto lake la kazi na inakula petroli zaidi.

Kiyoyozi hatukukigusa. Tulifungua vioo.

HESABU, BILA KUFICHA

Najua ndicho ulichokuwa unakisubiri. Kununua, milioni 2 na laki 8. Injini na kupoozea, 620,000. Breki na matairi manne, 980,000. Kutu, kuchomelea na bodi, 850,000. Betri na umeme, 310,000. Rangi, 700,000. Viti na mambo ya ndani, 340,000. Jumla milioni 6 na laki 6. Ilichukua miezi minane, maana tulikuwa tunafanya kila tunapopata nafasi na kila ninapokuja.

Zilibaki laki 4. Bila kuambizana, wote wawili tulisema neno moja: bati. Tulinunua yanayotosha chumba cha mama, basi. Yaliyobaki yanasubiri karafuu za shamba la ukoo.

LIPE SURA YENU

Hapa sasa ndipo raha ilipo. Gari jipya unalipokea kama lilivyo kiwandani. Mkweche unautia nafsi yenu.

Rangi tulichagua kijani cha majani ya mkarafuu, na hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko yote kwa sababu wote tunaipenda. Kumbuka tu kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha nenda ofisi inayosajili magari ukaulizie taratibu kabla fundi hajafungua kopo.

Viti tulimpelekea fundi wa makochi. Akavivika reksini nyeusi pembeni, na katikati kitambaa kizito chenye misitari kama ya kikoi. Badala ya mazulia ya mpira yenye picha za ajabu ajabu, mama mkwe alitusukia vipande vya ukili vya kuweka miguuni, vyekundu na zambarau. Vikichafuka vinatolewa, vinakung'utwa, vinaanikwa. Na badala ya zile chupa za manukato zinazoumiza kichwa, tunaning'iniza kifuko cha kitambaa chenye karafuu kavu. Ukifungua mlango unajua umefika Pemba.

Muziki upo, redio ndogo ya bei nafuu na spika mbili. Taa za rangi chini ya gari hakuna. Mume wangu alizitaka, nikamwonyesha kifungu cha tatu cha makubaliano. Kwa upande wangu nilitaka kioo cha mbele kiandikwe msemo wa kanga kwa herufi kubwa, naye akanionyesha kifungu hicho hicho. Tukamalizia kwa neno dogo kioo cha nyuma, Subira. Ndilo jina lake sasa, hata watoto wa jirani wanaliita hivyo.

KABLA HUJATOA SENTI

Kama wewe na mwenzako mnafikiria njia hii, yashikeni haya:

1. Chagueni gari ambalo spea zake zipo na mafundi wanalijua. Gari la ajabu ni la wenye pesa za ajabu.

2. Linganisheni namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Zikipishana, ondokeni hata kama bei ni ya bure.

3. Ulizieni kama linadaiwa kodi au ada za nyuma. Deni la gari halifi kwa sababu gari limelala.

4. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji.

5. Chesisi kwanza, injini pili, rangi mwisho. Injini inabadilishwa, chesisi iliyooza ni kaburi.

6. Tengeni theluthi ya bajeti kwa yale msiyoyaona. Yatatokea tu.

7. Wekeni daftari moja, risiti zote humo, na kila mmoja awe na ruhusa ya kulifungua.

KILICHOTOKEA NYUMBANI

Nimeandika kurasa nyingi za mapenzi kwenye gazeti hili, na wasomaji wananiuliza sana kuhusu ndoa za mbali. Tatizo la ndoa hizi mara nyingi si kukosa mapenzi, ni kukosa cha kufanya pamoja. Simu za usiku zinageuka ripoti: umekula, umelala, mtoto anakohoa. Miezi minane ya Escudo, simu zetu zilikuwa na habari. Nilikuwa naulizwa kama nimepata bushi za mbele, na mimi nikiuliza kama sakafu imeshachomelewa. Nilipokuwa nikifika bandarini Mkoani, tulikuwa tunakwenda gereji kabla ya kwenda nyumbani. Mume wangu alijua hofu zangu za pesa kwa sababu zilikuwa daftarini. Mimi nilijua uchungu wake juu ya mama kwa sababu nilimwona analala chini ya gari saa za kupumzika, na shati la shule amelitundika mlangoni.

Tuligombana pia, nisikudanganye. Tuligombania rangi, rimu, na fundi umeme mmoja aliyechukua pesa ya malipo ya awali akawa hapokei simu wiki mbili. Lakini ule ulikuwa ugomvi wenye kitu mezani, sio ule wa maneno ya hewani.

Na mama? Safari ya kwanza ya kliniki ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa sita. Mwanawe aliendesha, mimi nikakaa nyuma. Tulipita Kinyasini mvua ikinyesha, wipa zikipiga kelele kama mlango wa kabati. Mama alikaa mbele, kavuta ukaya wake vizuri, miguu juu ya ukili alioususuka mwenyewe. Hakusema kitu mpaka tulipokaribia Chake. Kisha akaweka mkono juu ya dashibodi, akapapasa kama anapapasa ng'ombe.

"Halitingishiki sana," akasema. Kwa wanaomjua mama mkwe wangu, hiyo ni pongezi kubwa.

Siku hizi wikiendi tunakwenda Vumawimbi kwa kupitia msitu wa Ngezi, au Kidike kuwaangalia popo wakubwa wa Pemba jioni wakitoka. Barabara ya msituni ndiyo inayokuonyesha kwa nini tulichagua gari lenye chesisi. Tunabeba chapati, chupa ya chai na kamba ya kuvutia gari, kwa sababu mkweche ni mkweche, mpaka sasa kamba hiyo imeshawavuta wengine mara mbili.

Kwa hiyo ukiuona mkweche wa watu njiani, kijani, na kifuko cha karafuu kinaning'inia, usiucheke. Upungie mkono. Na kama chini ya mwembe wa jirani yenu kuna mwingine umelala, chukueni karatasi na kalamu kwanza, mkae chini wawili, muandike ukomo wenu. Fundi mtamwita baadaye.